Tangazo lina mtu aliyebadili jinsia na wateja wamechachamaa: njia nne na gharama ya kila moja

Kopo lenyewe lilikuwa moja tu. Halikuuzwa dukani wala kupangwa kwenye rafu. Watengenezaji wa bia ya Bud Light waliuchapa uso wa Dylan Mulvaney juu yake wakamtumia zawadi, kwa kuwa alikuwa ametimiza siku 365 za kusimulia TikTok maisha yake mapya kama mwanamke. Tarehe 1 Aprili 2023 aliweka video fupi Instagram kutangaza shindano la bia hiyo la msimu wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu, na humo akalionyesha kopo lake. Siku mbili tatu baadaye mwanamuziki Kid Rock alijirekodi akizimiminia risasi katoni za Bud Light. Kufikia katikati ya mwaka, bia iliyokuwa ikiongoza kwa mauzo Marekani tangu 2001 ilikuwa imeng'olewa kileleni.

Kazi yangu ni kuandika matangazo. Tangu mwaka ule swali limekuwa likinifuata, kutoka kwa wenzangu wa Nairobi na Dar, na zaidi kutoka kwa Waswahili walioajiriwa idara za masoko huko Toronto, London na Minneapolis: ukimweka mtu aliyebadili jinsia kwenye tangazo na wateja wakaanza kususia, ushike njia gani?

Nimeona kampuni zikishika njia nne: kusimama na mtu wako, kukaa katikati, kurudi nyuma kidogo, au kutoanza kabisa. Ninaamini watu waliobadili jinsia wana haki ya kuonekana wakinunua sabuni na kunywa kahawa kama watu wengine, na sitajifanya sina upande. Ila kampuni haziko mahali pamoja, sheria za nchi hazifanani, na njia iliyomwokoa mmoja inaweza kumuumiza mwingine. Ndiyo maana nazipima zote kwa vipimo vile vile.

Vipimo

Cha kwanza ni mtu aliye kwenye picha: nini kinampata? Nimekiweka mbele kwa makusudi, kwa sababu kwenye vikao vingi nilivyohudhuria ndicho kinachokuja mwisho, au hakiji. Cha pili ni mauzo. Cha tatu ni wafanyakazi wanaokutana na mteja ana kwa ana: dereva wa gari la bia, binti wa kaunta, kijana anayepanga rafu. Cha nne ni kuaminika, yaani baada ya miezi sita nani atakuwa bado anakuamini.

Jambo moja kabla sijaendelea. Wanaosusia si kundi moja. Yuko anayechukia kweli, hadi kutishia kuua. Yuko mzazi wa kidini anayeona anahubiriwa dukani. Yuko mtu kama Sharron Davies, Mwingereza aliyepata medali ya fedha ya kuogelea Olimpiki ya 1980, ambaye alitaka Nike isusiwe kwa kumtumia Mulvaney kutangaza sidiria za michezo, kwa hoja kwamba wanamichezo wanawake wamesahauliwa. Ukiwajibu wote kwa sentensi moja utawakosa wote.

Njia ya kwanza: kusimama na mtu wako

*Mtu aliye kwenye picha.* Machi 2023, Hershey ya Kanada ilitoa chokoleti za Siku ya Wanawake zenye picha za wanawake watano kwenye karatasi zake. Mmoja wao, Fae Johnstone, ni mwanamke aliyebadili jinsia. Ghafla wanne wakasahaulika, mitandao yote ikawa inamzungumza yeye, na matusi yakamfuata kwa wingi. Kampuni ilijibu kwamba kampeni yake inawajumuisha wanawake kwa upana, na haikumwondoa. Kusimama naye hakukuzima matusi. Lakini alijua kampuni iko nyuma yake, na anayetukanwa na maelfu analihitaji hilo kuliko maua.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka India, Mei 2023. Kwenye tangazo la Starbucks, baba na mama wameketi mgahawani wakimsubiri mtoto wao. Mama anamsihi mumewe asikasirike leo. Mtoto anafika: waliyemlea kama mvulana aitwaye Arpit sasa ni msichana. Wanakaa kimya, kila mmoja akitafuta pa kuanzia. Baba anaondoka kwenda kuagiza, na baada ya muda mhudumu anaita kahawa tatu za Arpita. Baba ameagiza kwa jina jipya la binti yake. Ni herufi moja tu imeongezeka. Aliyeigiza, Siya Malasi, ni mwanamitindo ambaye mwenyewe amebadili jinsia.

Uzito wa herufi hiyo tunaufahamu hata huku kwetu. Kenya, Audrey Mbugua alilazimika kwenda hadi Mahakama Kuu ili Baraza la Mitihani liandike jina lake kwenye cheti cha sekondari, na Oktoba 2014 akashinda. Nilipoliona tangazo lile la kahawa, nilimfikiria yeye.

*Mauzo.* Wito wa kuisusia Starbucks ulitanda Twitter India nzima. Tangazo likabaki palepale. Januari 2024 Tata Starbucks, kampuni ya ubia inayoendesha migahawa hiyo, ilitangaza mpango wa kufikisha migahawa 1,000 India ifikapo 2028. Hiyo si lugha ya kampuni iliyovunjika mgongo. Mauzo ya Hershey kwa jumla nayo yalipanda mwaka 2023. Sisemi yalipanda kwa sababu ya Johnstone. Nasema hayakuporomoka kwa sababu yake.

*Wafanyakazi.* Binti wa kaunta anapata jibu moja la kutoa, nalo ni lile lile lililotoka makao makuu. Hiyo ni nafuu kubwa.

*Kuaminika.* Wanaopinga watajua hawakubaliani nawe. Wanaokuunga mkono watajua hukuwauza.

*Inamfaa nani.* Kampuni ambayo ilikuwa ikifanya hivi kabla ya kelele, inayoajiri watu hawa na kuwapa bima, na iliyo kwenye nchi ambayo sheria inawatambua. India Mahakama ya Juu ilitambua jinsia ya tatu mwaka 2014, kwa hiyo Starbucks ilikuwa na ardhi chini ya miguu. Haimfai mwenye kuiga kwa sababu Juni, mwezi wa kuwaenzi mashoga na waliobadili jinsia, imefika na kila duka limetundika bendera yao.

Njia ya pili: kukaa katikati

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu ndipo wengi wanapokimbilia wakidhani ni salama.

*Mtu aliye kwenye picha.* Kwa karibu wiki mbili kampuni mama, Anheuser-Busch, haikusema neno la maana. Tarehe 14 Aprili mkurugenzi wake wa Marekani, Brendan Whitworth, alitoa taarifa kwamba hawakukusudia kamwe kuwa sehemu ya mjadala unaowagawa watu, na kwamba biashara yao ni kuwakutanisha watu kwa bia. Jina la Mulvaney halimo kwenye taarifa hiyo hata mara moja.

Yeye alivunja kimya mwishoni mwa Juni. Alisema kampuni haikuwahi kumtafuta. Kwa miezi alikuwa akiogopa kutoka nyumbani, akidhihakiwa hadharani, akifuatwa njiani. Alisema kumwajiri mtu aliyebadili jinsia kisha usisimame naye hadharani ni vibaya kuliko kutomwajiri kabisa. Julai akawaambia wafuasi wake kwamba amesafiri hadi Peru ili ajisikie salama. Video moja fupi ya bia, na mtu anavuka bara kutafuta pa kupumulia.

*Mauzo.* Robo ya pili ya 2023, mapato ya Anheuser-Busch Marekani yalishuka kwa asilimia 10.5. Robo ya tatu yakashuka kwa asilimia 13.5. Kwenye wiki nne zilizoishia mwanzoni mwa Juni, bia ya Modelo Especial ilichukua asilimia 8.4 ya mauzo ya bia madukani, Bud Light ikabaki na 7.3.

Kwa nini bia iliumia hivi wakati chokoleti na kahawa hazikuumia? Jibu langu linaanzia kwenye rafu. Bud Light imepangwa bega kwa bega na Coors Light na Miller Lite, bei zinakaribiana, ladha zinakaribiana. Kususia hakumgharimu mnywaji chochote. Anasogeza mkono inchi chache kulia. Halafu bia hunyweka mbele za watu. Ukiishika baa, wenzako wanaiona, na mwezi ule kuishika kulikuwa kama kutangaza msimamo. Anayekula chokoleti garini mwake haulizwi na mtu. Kabla ya kuogopa yaliyoipata Bud Light, jiulize bidhaa yako iko rafu ipi na inaliwa mbele ya nani.

*Wafanyakazi.* Wasambazaji walilalamika kwamba madereva wao wanatukanwa njiani, watu ambao hawakumchagua Mulvaney wala kumkataa. Kiwanda cha Los Angeles kilipata vitisho vya bomu. Alissa Heinerscheid, mwanamke wa kwanza kuiongoza chapa ya Bud Light, akapewa likizo. Julai kampuni ikapunguza wafanyakazi wake wa Marekani, chini ya asilimia 2, wengi wao wa ofisini.

*Kuaminika.* Hapa ndipo katikati palipogeuka shimo. Waliosusia hawakurudi, kwa sababu taarifa haikuwaambia kwamba kampuni inajuta. Waliounga mkono nao wakaondoka: kundi la baa za mashoga jijini Chicago liliacha kuuza bia za Anheuser-Busch, na Human Rights Campaign, shirika la Marekani la kutetea haki za mashoga na waliobadili jinsia, likasitisha alama 100 ambazo lilikuwa limeipa kampuni kwa usawa kazini.

*Inamfaa nani.* Inamfaa mtu mwenye saa chache, si mwenye wiki. Kama kelele imeanza usiku na hujui bado kama kinachosemwa ni kweli, kunyamaza hadi kesho mchana ili uhakikishe ni busara. Kampuni yenye mamia ya wasambazaji wanaojitegemea, kila mmoja na mji wake na siasa zake, ina sababu ya kweli ya kupima maneno. Lakini kupima maneno hakumzuii mtu kunyanyua simu na kumpigia aliye kwenye video.

Njia ya tatu: kurudi nyuma kidogo

*Mtu aliye kwenye picha.* Mei 2023 maduka ya Target, yenye makao makuu Minneapolis, yalikuwa yametoa bidhaa za mwezi wa Juni kama yalivyofanya kwa zaidi ya miaka kumi. Zikiwemo nguo za kuogelea zilizoshonwa kwa ajili ya wanawake waliobadili jinsia. Zilikuwa za saizi za watu wazima tu, lakini uvumi ulioenea ulisema zimeshonewa watoto. Baadhi ya bidhaa ziliondolewa, na miongoni mwake ni za Erik Carnell, mbunifu wa London ambaye ni mwanamume aliyebadili jinsia. Alikuwa amekwisha kutishiwa kuuawa. Sasa akapoteza na soko.

*Mauzo.* Robo ile mauzo ya maduka yaliyokuwa yamefunguliwa mwaka mzima au zaidi yalishuka kwa asilimia 5.4, mara ya kwanza kushuka kwa miaka sita. Kampuni yenyewe ilisema mzozo ule ulichangia, pamoja na ugumu wa maisha na wateja kubana matumizi. Kwa hiyo usiichukue asilimia ile yote ukaibandika kwenye nguo za kuogelea.

*Wafanyakazi.* Hapa Target inastahili kusikilizwa kwa haki. Wateja walikuwa wakiangusha maonyesho na kuwakabili vijana wa dukani, na kampuni ilisema imeondoa bidhaa hizo kwa ajili ya usalama wa wafanyakazi wake. Mimi sijawahi kusimama kwenye kaunta mtu ananifokea huku ananirekodi kwa simu. Aliyesimama pale ana haki ya kutaka bosi wake afanye jambo leo, si baada ya semina.

*Kuaminika.* Vitisho vya bomu vilitumwa pia kwa barua pepe zilizodai Target imewasaliti mashoga na waliobadili jinsia. Wakawa wanatishwa kutoka pande mbili. Mwaka 2024 bidhaa zile zikauzwa kwenye baadhi tu ya maduka na mtandaoni. Januari 2025 kampuni ilipopunguza mipango yake ya usawa, wachungaji wa makanisa ya Wamarekani weusi waliongoza mfungo wa siku 40 wa kutonunua Target. Hilo ni suala jingine, la watu wengine, lakini lilimkuta mfanyabiashara ambaye tayari ameonekana kuwa anaweza kusukumwa.

*Inamfaa nani.* Mwenye hatari halisi mlangoni. Inafaa zaidi ikiwa na mipaka inayoeleweka: duka fulani, muda fulani, sababu hii, na bidhaa inaendelea kuuzwa mtandaoni. Na mbunifu alipwe.

Njia ya nne: kutoanza

*Mtu aliye kwenye picha.* Hatukanwi, kwa sababu hayupo. Hapa nina kumbukumbu yangu. Miaka kadhaa iliyopita, Nairobi, tulikuwa tukitafuta sura ya kutangaza mafuta ya nywele. Dada mmoja alikuja na begi lenye magauni matatu yaliyopigwa pasi na kukunjwa vizuri, akakaa mbele ya kioo, akatabasamu, na chumba kizima kikajua ndiye. Baada ya siku mbili mteja wetu aligundua kwamba amebadili jinsia, akaomba tumbadilishe. Dada yule alitumiwa ujumbe kwamba ratiba imebadilika. Hakuambiwa sababu, na nauli hakurudishiwa. Mimi nilikuwa kwenye kile kikao na sikusema kitu. Naandika haya kwa sababu ya begi lile.

*Mauzo.* Hayaguswi na mzozo. Ila hujui nani angekuja.

*Wafanyakazi.* Ambaye kati yao amebadili jinsia huona na huelewa.

*Kuaminika.* Huvunji ahadi ambayo hukuitoa. Hiyo si sifa ndogo, ukikumbuka Mulvaney alivyosema.

*Inamfaa nani.* Mwenye biashara mahali ambapo kumwonyesha mtu ni kumweka hatarini. Kampuni mama ya Bud Light, AB InBev, ndiyo iliyoichukua SABMiller mwaka 2016, na kwa njia hiyo ikawa mmiliki mkuu wa kiwanda kinachopika Safari na Kilimanjaro Tanzania, na wa Nile Breweries Uganda. Mwenye chapa ni mmoja, lakini kopo lile halingeweza kutengenezwa Jinja. Sheria ya Uganda ya 2023 dhidi ya ushoga inatoa kifungo cha hadi miaka 20 kwa kile inachokiita kuuhamasisha. Kubadili jinsia si kitu kile kile na ushoga, lakini sioni wakili wa kampuni atakayekubali tofauti hiyo ikajaribiwe mahakamani kwa ajili ya tangazo. Na anayeweza kukamatwa au kupigwa mtaani ni aliye kwenye bango, si meneja masoko.

Basi, kulingana na ulipo

*Hujapiga picha bado, na nchi yako inaruhusu.* Anza na kisa cha mtu. Vicks walifanya hivyo India mwaka 2017. Msichana mdogo yuko kwenye basi akielekea shule ya bweni, anasimulia alivyofiwa na mama yake na jinsi mwanamke mwingine alivyomchukua na kumlea. Tangazo linakaribia kwisha ndipo unamwona mama huyo, Gauri Sawant, aliyebadili jinsia kweli na kumlea mtoto kweli. Anamtaka bintiye awe daktari. Binti anasema atakuwa mwanasheria, kwa ajili ya mama yake. Mtazamaji ameshampenda mama kabla hajapata nafasi ya kumhukumu. Hakuna aliyepewa kopo.

*Moto umeshawaka na mtu umemwajiri wewe.* Mpigie kabla hujaandika taarifa. Muulize yuko wapi, yuko na nani, kama anahitaji mlinzi au mahali pa kulala. Kisha taarifa yako imtaje kwa jina.

*Wafanyakazi wako wa dukani wanatishwa.* Sogeza maonyesho leo, waeleze wateja sababu kesho, na umlipe mbunifu mwezi ule ule.

*Uko Kampala, au mahali kama hapo.* Usimweke mtu kwenye bango. Mpe kazi ya kuhariri picha, ya sauti, ya hesabu. Mpe bima, na umwite kwa jina lake.

*Bidhaa yako inabadilishwa kirahisi na hunywewa mbele za watu, na hujawahi kuwaajiri wala kuwasaidia watu hawa.* Kwa sasa usianzie kwenye tangazo. Anzia kwenye ajira.

*Wewe ndiye uliyebadili jinsia na umeletewa kazi.* Soma mkataba ukitafuta mambo matatu: utalipwa yote hata tangazo likiondolewa, maoni ya matusi yatafutwa na nani, na gharama za usalama ni za nani. Kisha omba jina moja na namba ya simu ya mtu mwenye mamlaka, atakayepokea ukimpigia saa nane za usiku. Wakikuandikia namba ya ofisi inayofungwa saa kumi na moja jioni, rudisha mkataba bila sahihi hadi waijaze upya.